Beringi ya pailoti

Beringi ya pailoti ni beringi ndogo, au bushi ya shaba nyeusi, inayokaa katika tundu la nyuma ya krenkishafti na kushika ncha ya shafti inayopeleka nguvu ndani ya giaboksi. Gari likibadilishiwa injini, hapa ndipo huonekana kama injini na giaboksi za asili tofauti zimekutana kweli au zimefungwa boliti tu. Mfano maarufu ni injini za LS za General Motors, zilizoanza na LS1 mwaka 1997: krenkishafti nyingi za LS huishia takriban mm 10 ndani zaidi kuliko za V8 ndogo za zamani za Chevrolet, hivyo shafti ya giaboksi ya zamani huigusa beringi ya kawaida kwa ncha tu, na huhitajika beringi au bushi ndefu zaidi.

Wapo wanaosema inaweza kuachwa, kwa kuwa pedali ya klachi isipokanyagwa krenkishafti na shafti huzunguka pamoja. Kuhusu mzunguko ni kweli. Lakini kazi yake nyingine ni kuizuia shafti isiyumbe, na kazi hiyo haikomi. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana beringi hii, ila shafti yao hushikwa na beringi mbili ndani ya giaboksi yenyewe.

Wakati wa kuipachika husukumwa ringi ya nje, kamwe si ya ndani. Ikichakaa, hulia pedali ikiwa chini, gia imeingizwa na gari limesimama.