Karatasi isiyo na sahihi: uchaguzi wa Nigeria, 1993

Mara nyingi tunazani ya kuwa uovu wa uchaguzi ni kuiba kura tu. Mambo ya Nigeria katika mwaka 1993 yaonyesha njia nyingine: kuwaacha raia wapige kura vizuri, kisha kulikataa neno walilosema.

Tangu 1985 inchi ilikuwa mikononi mwa Generali Ibrahim Babangida. Aliahidi kuwarudishia raia utawala, lakini tarehe ilisogezwa mara kwa mara. Mwaka 1989 alikataa vyama vyote vilivyoomba ruhusa, akaunda viwili yeye mwenyewe, SDP na NRC. Serikali iliviandikia hata programu zao: kimoja kielekee kushoto kidogo, kingine kuume kidogo. Chama kilichozaliwa kwa amri ya askari kitapata wapi nguvu? Walakini raia walivitumia.

SDP ilimweka Moshood Abiola, tajiri wa kabila la Wayoruba. NRC ilimweka Bashir Tofa wa Kano. Wote wawili walikuwa Waislamu, na Abiola alimchagua Muislamu mwenziwe, Baba Gana Kingibe, awe makamu wake. Wakristu wengi waliona mashaka, wala mashaka yao hayakuwa upuzi. Lakini Abiola alishinda Benue, Plateau na Anambra, penye Wakristu wengi, akashinda hata Kano, kwao Tofa. Tunaosema kwamba Mwafrika hupiga kura kwa kabila na dini tu, tuyakumbuke hayo.

Usiku wa 10 Juni tribinali moja ya Abuja ilitoa amri ya kuzuia uchaguzi. Walioiomba ni watu wa chama kilichotaka Babangida abaki. Profesa Humphrey Nwosu, mkubwa wa komisioni ya uchaguzi, aliendelea, kwa maana sheria ya serikali yenyewe ilikataza tribinali yo yote kuuzuia. Siku ya 12 Juni watu walipiga kura kwa utulivu. Hesabu za majimbo 14 zilikwisha kubandikwa Abuja, ndipo 16 Juni kazi ikasimamishwa.

Siku ya 23 Juni uchaguzi ulifutwa. Kwa neno gani? Kwa karatasi iliyopigwa kwa mashini, isiyo na sahihi wala kichwa cha ofisi. Sisi mapadri tungeletewa cheti cha ubatizo cha namna ile, tungekirudisha palepale. Mwenye kutia sahihi hukubali kuulizwa. Ile karatasi haikuwa na wa kuulizwa. Siku tatu baadaye Babangida alisema na taifa akiitetea. Hesabu zilizokusanywa zampa Abiola kura zaidi ya milioni 8, Tofa karibu milioni 6.

Mwezi wa Agosti Babangida akatoka. Mwezi wa Novemba Generali Sani Abacha akautwaa utawala. Abiola alijitangaza prezida 11 Juni 1994, akafungwa. Mkewe Kudirat aliuawa kwa risasi mwaka 1996. Yeye mwenyewe alikufa kifungoni 7 Julai 1998, bila kuhukumiwa.

Mwezi wa Februari 2025 Babangida alitoa kitabu cha maisha yake. Humo akubali ya kuwa Abiola alishinda, na kusema kwamba karatasi ile ilisomwa bila yeye kujua. Profesa Nwosu alikuwa amekufa Oktoba 2024, miezi minne mbele ya kitabu kutoka.