Utafiti wa Mau Mau na masanduku ya Hanslope Park

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya Oktoba 20, 1952. Mwaka huohuo Louis Leakey, msomi aliyekulia Kabete akizungumza Kikuyu kama wenyeji, akatoa kitabu juu ya Mau Mau, uasi wa Wakikuyu dhidi ya wakoloni wa Uingereza. Ni yeye tena aliyewekwa kuwa mkalimani wa kesi ya Jomo Kenyatta, aliyeshtakiwa kuongoza Mau Mau, kule Kapenguria, hadi upande wa utetezi ulipompinga na akajiondoa. Hivyo ndivyo utafiti wa Mau Mau ulivyoanza: msomi kakaa upande wa mshtaki.

Akafuata J.C. Carothers, daktari wa akili aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari. Katika ripoti aliyoiandikia serikali mwaka 1954, alieleza uasi ule kuwa mahangaiko ya watu waliokatwa na mila zao kabla hawajashika za Kizungu. Mtu kanyang'anywa shamba, anaambiwa tatizo liko kichwani mwake! Mwaka 1960 ripoti ya Frank Corfield ikambebesha Kenyatta lawama zote.

Mwaka mmoja kabla yake, Machi 3, 1959, askari wa kambi ya kizuizi ya Hola waliwapiga wafungwa waliokataa kazi, wakafa 11. Taarifa ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo.

Mwelekeo ulibadilika 1966, Carl Rosberg na John Nottingham walipoandika kwamba Mau Mau ilikuwa sehemu ya harakati za uzalendo. Nottingham alijua alichokisema, kwani alikuwa ofisa wa serikali ileile ya kikoloni. Lakini hata Kenya huru haikuwapenda sana watafiti wa Mau Mau. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa 1982, na marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003.

Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili kwa mpigo. David Anderson alipekua kumbukumbu za mahakama akahesabu watu 1,090 walionyongwa. Caroline Elkins aliwasikiliza wazee waliopitia kambi za kizuizi, akakadiria vifo hadi 300,000. Idadi hiyo ilipingwa vikali. John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, alipata vifo vipatavyo 50,000, zaidi ya nusu yao watoto chini ya miaka 10. Hata hiyo ndogo inatisha.

Wakosoaji walimwambia Elkins ameegemea mno masimulizi ya wazee. Ndipo wazee wenyewe wakaishtaki Uingereza mwaka 2009, na mwaka 2011 serikali hiyo ikakiri kuwa na masanduku kama 300 huko Hanslope Park, Buckinghamshire, yenye mafaili yaliyosafirishwa kutoka Nairobi mkesha wa uhuru. Humo mlikuwa na barua ya 1957 ya Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones, akimshauri Baring kuhusu kuwapiga wafungwa kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya.

Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, huku ikikana kuwajibika kisheria. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa London mwaka 2018 kwa hoja kwamba muda umepita mno. Sehemu kubwa ya muda huo, karatasi zilikuwa zimefungiwa Uingereza.