Eliza, Memex na Mashine Inayokumbuka

Watu wakisimulia habari za Eliza, ile programu ya mazungumzo ambayo Joseph Weizenbaum wa MIT aliieleza mwaka 1966, huishia kwenye kichekesho: inajifanya mtaalamu wa saikolojia, inageuza maneno yako kuwa swali, nawe unaamini inakuelewa. Sawa. Ila kuna kitu wanakiruka. Ukitaja jambo lako, "wangu" huyu au "yangu" ile, Eliza aliweza kuliweka akiba. Baadaye ukisema neno asilolitambua, badala ya kubabaika anachomoa lile la mwanzo: je, hili linahusiana na yule mpenzi wako? Mimi nadhani hapo ndipo watu waliponaswa. Katibu muhtasi wa Weizenbaum, aliyeiona kazi ikifanyika, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili azungumze na programu faraghani. Bosi hakuchekelea. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha tahadhari.

Hebu turudi nyuma kidogo. Julai 1945, katika The Atlantic Monthly, mhandisi Vannevar Bush aliiwazia memex: meza ya kazi inayohifadhi vitabu, barua na rekodi zote za mtu kwenye filamu ndogondogo. Haikuundwa kamwe. Lakini angalieni, meza ni ya mtu binafsi, na anayeamua kipi kiunganishwe na kipi ni yeye mwenyewe.

Modeli za akili mnemba zilianza zikiwa sahaulifu mno. GPT-3 ya mwaka 2020 ilimudu tokeni 2,048 kwa mpigo, yaani kurasa chache tu; kilichozidi, basi tena. Mwaka 2023 watafiti wa Berkeley wakaja na MemGPT, wakiazima mbinu ya zamani ya mifumo endeshi ya kompyuta: kumbukumbu ya karibu ikijaa, mengine yahamishiwe ghala la mbali, yaitwe yakihitajika. Na anayechagua kipi kiende ghalani ni modeli yenyewe. Bush asingelitarajia hilo. Februari 2024 OpenAI ikaanza kujaribu kumbukumbu ya kudumu ndani ya ChatGPT, na Aprili 2025 ikaipanua iweze kurejea mazungumzo ya nyuma. Mtumiaji anaweza kuizima, au kufuta.

Anaweza, ndiyo. Msaidizi mmoja wa aina hii, simtaji, nilimweleza habari za ugonjwa wa mama. Miezi ikapita, mama akatutoka. Juzi nikamwomba orodha ya riwaya za kusoma likizo, akaniongezea mbili fupifupi "za kumsomea mama kitandani". Kukumbuka hakukosea. Habari za msiba ndizo hakuwa nazo, na nani angempa kama si mimi? Nikafungua orodha ya aliyoyahifadhi, nikakuta mstari mmoja tu juu ya mama, katikati ya mambo ya bili na mapishi.

Sijaufuta.