Alkeni: Asili ya mfuko wa plastiki usiooza

Alkeni ni kampaundi za kaboni na haidrojeni zenye kifungo maradufu baina ya atomi mbili za kaboni. Sehemu moja ya kifungo hicho ni dhaifu. Hufunguka kwa wepesi na kupokea atomi nyingine. Ndiyo maana maji ya bromini hupoteza rangi yake yakichanganywa na alkeni, jaribio linalotumiwa shuleni kuitambua. Mafuta ya kupikia yenye vifungo kama hivyo nayo huganda yakiongezwa haidrojeni, nikeli ikiwa kichocheo.

Alkeni ndogo kuliko zote ni etheni. Mwaka wa 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett, wanakemia wa kampuni ya ICI nchini Uingereza, waliipasha joto gesi hiyo chini ya shinikizo kubwa, wakapata politheni bila kutarajia. Katika mmenyuko huo, maelfu ya molekuli hufungua vifungo vyao na kushikana kuwa mnyororo mmoja mrefu.

Mnyororo huo hubaki na vifungo imara pekee, ambavyo bakteria huvimega kwa shida mno. Wepesi wa etheni ukazaa taka sugu. Mnamo Agosti 28, 2017, Kenya ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.