Santuri ya Mtawa: Hivi Kweli Ni Bluzi?

Ukimtaja Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou mbele ya wapenzi wa muziki, wengi watakujibu haraka: aa, yule mtawa wa Ethiopia anayepiga bluzi kwa piano. Jibu hilo huwa linanikera kidogo. Si uongo mtupu, lakini linaruka historia nzima.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, binti wa Kentiba Gebru, aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Akiwa na miaka 6 alipelekwa shule ya bweni Uswisi, akajifunza fidla na piano. Waitaliano walipoivamia Ethiopia, yeye na familia yake walikamatwa, na mwaka 1937 wakapelekwa kifungoni katika kisiwa cha Asinara. Baadaye akasomea muziki Cairo. Ikaja nafasi ya kusoma London, akanyimwa ruhusa ya kwenda. Basi akauacha muziki, akapanda mlimani kwenye monasteri ya Gishen Mariam, akawa mtawa, na miaka mingi akatembea pekupeku.

Kwa hiyo albamu yake ya kwanza, iliyotoka Ujerumani mwaka 1967, si kazi ya kijana anayetafuta jina. Alishapita miaka 40. Ndani yake yupo yeye na piano tu, na fedha zake zilikuwa za kuwasaidia watoto wasio na mtu.

Sasa tusikilize. Bluzi ya Wamarekani Weusi kwa kawaida huzunguka katika hatua 12, ubeti baada ya ubeti, na mwimbaji huivuta nota mpaka ikalia katikati ya nota mbili. Piano haivutiki, kwa hiyo wapigaji wa Chicago huteleza haraka kutoka kibonye kimoja hadi cha jirani. Emahoy naye huteleza hivyohivyo, ndiyo maana sikio linadanganyika. Lakini ule mzunguko wa hatua 12 hutaukuta. Mkono wa kushoto unasubiri, wa kulia unasema unapotaka. Nota zake nyingi zinatoka katika ngazi za Kihabeshi za nota 5, na mojawapo inaitwa tizita. Kwa Kiamhara neno hilo ni kumbukumbu, na ndilo jina la nyimbo za kumlilia aliyeondoka.

Yaani huzuni hii ilikuwa na jina lake kwao. Tukiibatiza bluzi, tunawapunja wote wawili: Mmarekani Mweusi, ambaye bluzi yake imebeba utumwa na mashamba ya pamba, na Mhabeshi, ambaye anageuzwa tawi la Mississippi.

Emahoy alifariki Jerusalem mwaka 2023, akiwa na miaka 99. Itafute santuri ile. Ikikukumbusha bluzi, sawa, mimi pia hunikumbusha. Ila mwenzako akikuuliza inaitwaje, mwambie tizita kwanza.