Diani: Soma Upepo Kabla Urushe Kaiti

Ukishuka Diani ama Galu msimu ukiwaka, utapata wasee washatandaza kaiti kwa mchanga, kila mtu anacheki simu. Programu inasema noti 16, inakaa form iko. Tulia kwanza. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa (si zile za mfukoni), na hiyo namba haikuambii jinsi upepo unakutana na ufuo. Hapo ndipo watu huumia.

Simama ukiangalia bahari. Diani inatazama mashariki, kwa hivyo Kaskazi, ule upepo wa Desemba hadi Machi, utakugonga bega la kushoto. Kusi, kuanzia kama Juni hadi Septemba, itakugonga la kulia. Zote mbili hutoka baharini kwa mshazari, na ndiyo maana hii place inapendwa: ukianguka, unasukumwa pole pole kurudi mchangani. Katikati ya hiyo misimu ni maleleji, upepo wa kubadilika badilika. Usikate tiketi ya SGR juu yake.

Ngori ni ule wa kukugonga kisogo. Alfajiri kuna upepo wa kutoka nchi kavu, watu wa Pwani huuita umande. Msimu wa mvua nao, wingu jeusi linaweza kugeuza upepo ndani ya dakika chache. Macho yatakudanganya hapa: minazi inakinga ufuo, maji ya karibu yanakaa kioo, unadhani kumetulia. Huko mbele upepo uko wote. Kaiti ikilala huko, unapelekwa nje ya mwamba, na hakuna ufuo mwingine unakungoja upande huo. Ukigongwa kisogo usirushe, hata kama ni noti 10, hata kama ushalipia kaiti ya siku nzima.

Sasa nguvu. Kaskazi kawaida huamka asubuhi ikianza kuisha na kukolea mchana. Angalia maji kati ya ufuo na mwamba: povu moja moja hapa na pale ni kama noti 10, povu likianza kuwa la mara kwa mara uko 12 hadi 16, na likijaa kila mahali umevuka 17. Ile laini nyeupe pale kwa mwamba usihesabu, hayo ni mawimbi yanagonga jiwe.

Hesabu hii uishike vizuri: mvuto wa kaiti haupandi sawa na upepo. Upepo ukitoka noti 14 hadi 20, nguvu inakaribia kujipiga mara mbili. Kaiti ya mita 12 iliyokuvuta fiti saa sita inaweza kukubeba kama mfuko wa sokoni saa tisa. Ndio maana unacheki pia vile upepo unavuta pumzi. Ukiruka ruka kati ya 12 na 22, usijifariji eti wastani ni 17. Chagua kaiti ya kumudu ile 22, na kama bado unajifunza, kaa mchangani.

Halafu kuna maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, bahari inaweza kupanda na kushuka karibu mita 4. Yakikupwa karibu saa nne asubuhi, unabaki na mawe na zile urchini za kuchoma miguu. Yakijaa karibu saa kumi jioni, ufuo umemezwa, na hiyo ndiyo saa Kaskazi iko juu. Huna pa kutua ila kwa ukuta wa hoteli ama kwa mnazi. Toka mapema mchanga ukiwa bado uko.

Na ukipata upepo unavuma poa lakini wenyeji wako chini ya kivuli, kaiti zimefungwa, usijifanye shujaa. Enda uwasalimie, uulize wameona nini.