Molière, mchezaji aliyezikwa usiku

Siku za sikukuu vijana wa parokia huweza kucheza mbele ya watu habari za Maandiko Matakatifu. Mmoja anakuwa Herode, mwingine mchungaji, mwingine Petro anayelia baada ya jogoo kuwika. Watoto wanacheka, wamama wanafuta machozi, na kila mtu anarudi nyumbani na neno moyoni. Je, yuko mtu anayefikiri ya kuwa kijana aliyecheza Herode ametenda dhambi? Hayuko.

Lakini zamani katika inchi ya Ufaransa mambo hayakuwa hivyo. Mtu aliyepata chakula chake kwa kazi ya kucheza katika teatro aliweza kunyimwa komunyo, kunyimwa ndoa, hata kunyimwa kaburi la kikristu. Leo tusimulie habari za mkubwa wao, Molière. Habari hizi zinatuhusu sisi, kwa sababu waliomfungia mlango hawakuwa wapagani. Walikuwa wakristu wenzake, tena mapadri.

Mtoto wa fundi

Jina lake la ubatizo lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin. Alibatizwa mjini Paris, katika kanisa la Saint-Eustache, tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa mapazia na viti vya kitambaa, tena alikuwa na cheo cha kutengeneza vyombo vya namna hiyo katika nyumba ya mfalme. Cheo kile mtoto aliweza kukirithi. Basi njia yake ilikuwa imekwisha kupigwa: asome, ajifunze ufundi, akae mahali pa baba yake.

Mwaka 1643, alipokuwa na miaka 21, aliiacha njia ile. Pamoja na mwanamke mmoja mchezaji, Madeleine Béjart, na wenzao wengine, alianzisha chama cha teatro. Mwaka uliofuata akajipa jina la Molière. Mwanzo wao ulikuwa mbaya. Watazamaji walikuwa wachache na madeni mengi. Kati ya waliomdai alikuwamo mwuza mishumaa, maana wakati ule teatro ziliangazwa kwa mishumaa, na mishumaa ilikuwa ghali. Mwaka 1645 Molière akafungwa gerezani siku chache kwa ajili ya madeni hayo.

Alipotoka hakurudi kwa baba yake. Aliondoka Paris, akazunguka katika majimbo ya Ufaransa miaka kama 13, yeye na wenzake na mizigo yao, leo mji huu, kesho mji ule. Tarehe 24 Oktoba 1658 wakacheza Paris mbele ya mfalme Louis wa 14, aliyekuwa kijana wa miaka 20. Mfalme alicheka sana, akawapa ukumbi wa kuchezea. Tangu siku hiyo Molière alikuwa mtu mwenye jina. Alitunga michezo, aliwaongoza wachezaji, na yeye mwenyewe alicheza.

Angalieni sasa jambo la ajabu. Mwaka 1662 alifunga ndoa na Armande Béjart, na ndoa ilibarikiwa kanisani. Mwaka 1664 mtoto wao wa kwanza alibatizwa, na mfalme mwenyewe alikubali kuwa baba yake wa ubatizo. Basi sheria ya kuwatenga wachezaji ilikuwapo, lakini mara nyingi ilikuwa imelala. Mtu aliweza kuishi miaka mingi asiione. Ilimwamkia siku ya kufa.

Ukali ule ulitoka wapi?

Tusiwahukumu wazee wetu wa imani pasipo kuwasikiliza. Katika ufalme wa Roma, teatro ilifuatana na sikukuu za miungu ya uongo. Ndani yake kulikuwa na matusi na uchafu, na pengine ubatizo wenyewe ulichezewa ili watu wapate kucheka. Kwa hiyo mwaka 314 maaskofu waliokutana mjini Arles waliamuru kwamba watu wa teatro watengwe na komunyo muda wote wanapofanya kazi ile. Amri hiyo ilikuwa na maana yake. Ilitungwa kwa kuwaokoa wakristu katika ubaya walioujua.

Lakini teatro ile ya Roma ilikufa. Teatro nyingine ikazaliwa, na ilizaliwa wapi? Kanisani, karibu na altare! Katika miaka ya 900 watawa walianza kuonyesha asubuhi ya Pasaka namna wanawake walivyofika kaburini na malaika alivyowauliza wanamtafuta nani. Baadaye, katika miaka ya 1200, Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba kazi ya kuwachekesha na kuwapumzisha watu si dhambi kwa yenyewe, mradi ifanywe kwa kiasi, pasipo maneno wala matendo mabaya. Na Mapadri Wajesuiti walifundisha wanafunzi wao kucheza michezo katika shule zao.

Hata hivyo, katika Ufaransa ya wakati wa Molière, mapadri wengi waliishika tena amri ya zamani. Katika kitabu cha ibada cha jimbo la Paris wachezaji waliandikwa pamoja na wakosefu wa waziwazi, watu wasiopaswa kupewa komunyo. Huko Italia haikuwa hivyo. Tena katika mji ule ule wa Paris, wachezaji waliotoka Italia walipokea masakramenti bila shida. Imani ilikuwa moja, kazi moja, mji mmoja, lakini huyu alipokelewa na yule alifukuzwa.

Molière naye alikuwa amewachoma wengi. Mwaka 1664 alicheza mbele ya mfalme mchezo uitwao Tartuffe, juu ya mtu mnafiki anayejifanya mtakatifu ili ale mali ya mwenye nyumba. Watu wa dini walikasirika. Padri mmoja wa Paris aliandika kwamba Molière anastahili kuchomwa moto. Mwaka 1667 askofu mkubwa wa Paris alikataza watu kuutazama au kuusoma mchezo ule. Mwaka 1669 tu ndipo mfalme aliporuhusu uchezwe mbele ya watu wote. Je, Molière alichekea dini, au alichekea wanafiki? Watu walibishana sana. Lakini wenye hasira hawakusahau.

Usiku wa tarehe 17 Februari

Miaka ya mwisho Molière alikuwa mgonjwa wa kifua, akikohoa sana. Mwanzo wa mwaka 1673 alitunga mchezo juu ya mtu mzima wa afya anayejidhani mgonjwa. Yeye mwenyewe, aliye mgonjwa kweli, ndiye aliyemcheza mtu yule. Watazamaji walicheka kikohozi chake.

Tarehe 17 Februari, siku ya Ijumaa, mchezo ulikuwa uchezwe mara ya nne. Asubuhi alikuwa taabani. Mtu aliyeandika maisha yake mwaka 1705 anasimulia kwamba mke wake na kijana mmoja mchezaji walimsihi apumzike. Yeye akawajibu kwamba kuna wafanyakazi hamsini maskini wanaoishi kwa malipo ya siku ile tu. Asipocheza, watu hao watakula nini? Basi akaenda kucheza. Karibu na mwisho wa mchezo mwili wake ulitikisika kwa maumivu. Alijikaza, akaficha kwa kicheko, akamaliza kazi.

Walimpeleka nyumbani kwake katika njia ya Richelieu. Huko alianza kutapika damu. Akaomba padri. Watu wakakimbia mpaka parokia ya Saint-Eustache, kanisa lile lile alimobatizwa. Mapadri wawili wakakataa kuja. Wakatafuta wa tatu. Huyu alikubali, lakini muda ulikuwa umepotea. Alipofika, Molière alikuwa amekwisha kufa, kama saa nne ya usiku. Waliokuwa karibu naye ni masista wawili, waliokuwa wamekuja Paris kuomba sadaka wakati wa Kwaresima, na Molière alikuwa amewapa mahali pa kulala nyumbani mwake.

Mwaka mmoja kamili mbele yake, tarehe 17 Februari 1672, rafiki yake wa zamani Madeleine Béjart alikufa pia. Yeye alipata nafasi ya kukana kazi yake kwa maandishi, akapewa masakramenti, akazikwa kikristu. Molière hakupata nafasi hiyo.

Padri mkubwa wa Saint-Eustache akakataa kumzika. Mjane hakukubali. Alimwandikia askofu mkubwa akieleza yote: mume wake alitaka kuungama, aliomba padri mara nyingi, na Pasaka iliyopita alikuwa amepokea masakramenti. Tena alikwenda kwa mfalme kumwomba msaada. Mwishoni askofu aliruhusu, lakini kwa masharti: mapadri wawili tu, bila sherehe yoyote, wala si wakati wa mchana, wala Misa kubwa isisomwe kwa ajili yake katika kanisa lolote.

Basi tarehe 21 Februari 1673, saa tatu ya usiku, walimpeleka makaburini Saint-Joseph. Hawakumpitisha kanisani. Jeneza lilifunikwa kitambaa cha chama cha mafundi wa mapazia, kazi ya baba yake. Lakini watu walikuja wengi, na mienge mingi iliwaka. Mwaka 1817 mifupa inayosemwa kuwa yake ilihamishwa katika makaburi ya Père-Lachaise, na kaburi lake linatazamwa huko mpaka leo.

Wengine baada yake

Jambo hilo halikuishia kwa Molière. Mwaka 1730 alikufa Paris mchezaji mwanamke Adrienne Lecouvreur, aliyependwa na mji wote. Padri wa parokia alimnyima kaburi. Alizikwa usiku katika kiwanja kitupu, bila sala wala msalaba. Mwaka ule ule, huko Uingereza, mchezaji mwanamke Anne Oldfield alizikwa katika kanisa la Westminster, walimozikwa wafalme. Watu wa Ufaransa waliona tofauti hiyo, nao waliokuwa wakiipinga Eklezia walipata neno la kuitukana.

Mwaka 1789 Baraza la taifa liliwapa wachezaji haki sawa na raia wengine. Hata hivyo, mwaka 1790 padri mmoja alikataa kutangaza ndoa ya mchezaji Talma. Mwaka 1815, mchezaji Raucourt alipokufa, mlango wa kanisa la Saint-Roch ulifungwa mbele ya jeneza lake. Watu wakauvunja, na mfalme Louis wa 18 akamtuma padri wake mwenyewe kusoma sala. Ni aibu iliyoje, watu kuvunja mlango wa kanisa ili maiti aombewe! Mwaka 1849 maaskofu waliokutana Soissons walitamka kwamba wachezaji hawahesabiwi tena kuwa watu waliotengwa.

Na baada ya miaka mia hivi, Mungu alifanya jambo ambalo mapadri wa Saint-Eustache wasingaliweza kuliwaza. Mwaka 1941, mjini Kraków katika Polonia, wakati wa vita, vijana wachache walicheza kwa siri katika nyumba za watu, ili lugha na moyo wa taifa lao visife chini ya Wadachi. Mmoja wao aliitwa Karol Wojtyła. Mwaka uliofuata aliingia seminari, nayo ya siri. Mwaka 1978 akawa Papa Yohane Paulo wa Pili. Ndiye aliyekuja Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985 kumtangaza dada yetu Anuarite kuwa mwenye heri. Mwaka 1999 aliwaandikia barua watunzi, wachoraji na wachezaji wa dunia yote, akiwaonyesha kwamba kipaji chao ni wito utokao kwa Mungu. Na mwaka 2014 Eklezia ilimtangaza mtakatifu.

Tushike nini?

Teatro mbaya ipo, na sinema mbaya ipo. Wazazi wana haki ya kuchagua watoto wao watazame nini, na mchungaji ana haki ya kuwaonya watu wake. Mchezo unaofundisha uchafu unachafua, hata ukichezwa na fundi hodari. Hilo halijabadilika tangu Arles.

Lakini kuhukumu mchezo ni jambo moja, na kumhukumu mtu kwa jina la kazi yake ni jambo jingine. Mapadri wale wawili walisikia neno moja tu, mchezaji, wakaona wamekwisha kujua yote. Hawakuuliza anaungama nini. Hawakuuliza kwa nini mgonjwa yule aliondoka kitandani siku ya mwisho. Kama habari ya mwaka 1705 ni kweli, aliondoka ili maskini hamsini wasilale na njaa. Na masista waliomwona akifa walikuwa wageni wake.

Kwetu pia yako majina ya namna hiyo. Huyu anapiga gitaa katika baa, yule anacheza sinema, mwingine anafanya kazi ambayo watu wanaisema vibaya. Siku mtu huyo atakapougua na kutuma mtoto kubisha mlangoni, tusianze kwa kuuliza jina la kazi yake. Tuvae viatu, twende upesi. Padri wa tatu alikubali kwenda, lakini wawili waliomtangulia walikuwa wamekwisha kula muda wote.